Kiti Alichokiacha Sukirtha

Mama yake Kathiravan alikuja kambini mikono mitupu, na hapo ndipo Sukirtha alipopaswa kushtuka.

Mwanamke anayekwenda kumtazama mchumba wa mwanawe huja na sinia. Awe maskini wa kutupwa, hakosi kuleta ndizi mbili, majani ya tambuu na kamba ya asumini ya kumpamba binti nywele. Bi Kothai alishuka kwenye pikipiki ya mwanawe, akaikunja sari yake ya hariri isiguse tope, akapita katikati ya safu za vibanda bila kumwamkia mtu. Alikuwa mwenyeji wa mji, na watu wa kambi walikuwa Wasiloni, watu waliokimbia vita ng'ambo ya bahari. Lugha yao ilikuwa moja na miungu yao ile ile, lakini kila mwezi Wasiloni walipangwa mstari wakahesabiwa na polisi. Wenyeji hawakuhesabiwa na mtu.

Sukirtha hakuyaona hayo yote. Alimwona Kathiravan tu, amesimama nyuma ya mama yake na shati la buluu lililopigwa pasi, na moyo wake ukaruka kama kawaida yake.

Ilikuwa miaka miwili sasa tangu macho yao yakutane. Kathiravan alikuwa akimleta dada yake, Vaishnavi, kwenye masomo ya jioni aliyosoma pamoja na Sukirtha, naye alikuwa na tabia ya kutoondoka. Angekaa juu ya pikipiki mpaka masomo yaishe, eti anamsubiri dada. Siku ya kwanza alipomsemesha Sukirtha alimtania kwa lafudhi yake.

"Hivi nyinyi Wasiloni mkiulizwa kitu, kwa nini mnaitikia 'om' badala ya 'ndiyo', kama mnaomba dua?"

"Kwa sababu tunaowajibu wanapenda kuabudiwa," Sukirtha alimjibu, na kijana akacheka mpaka akaangusha ufunguo.

Tangu siku hiyo akawa mgonjwa wake. Alimletea vitabu. Alimletea hata ile hati ya makazi ambayo mwalimu mkuu alishindwa kuipata, hati ambayo bila hiyo maombi ya chuo cha udaktari yasingepokelewa. "Usiniulize nimeipataje," alimwambia huku akimkabidhi, na vidole vyake vikakawia juu ya vidole vya Sukirtha. "We soma. Siku moja nataka nikiumwa unishike mkono huku ukijifanya unapima mapigo."

Basi matokeo ya mtihani yakatoka. Binti wa kambi, aliyesomea chini ya taa ya msikitini wakati umeme wa kambi ukikatwa, akawashinda watoto wa mji mzima. Na sasa mama mkwe huyo hapo mlangoni. Nani angetazama mikono?

Baba yake Sukirtha, mzee Nadarasa, alikuwa ameazima kiti cha plastiki kwa jirani. Alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na rangi ilikuwa imemganda kwenye kucha hata kwa sikukuu haikutoka. Alimfutia mgeni kiti kwa kitambaa chake mwenyewe cha begani.

"Karibu, karibu sana. Umekuja kwenu."

Bi Kothai alikitazama kiti, kisha akaketi ukingoni, kama mtu anayengoja basi.

"Mzee, nenda nje na kijana wangu mkapige soga," alisema. "Tuacheni wanawake."

Mama yake Sukirtha alishafariki, kwa hiyo wanawake walikuwa wawili tu. Nadarasa alitoka akitabasamu, akiamini yanayosemwa faraghani ni ya heri. Kathiravan naye alitoka. Hakugeuka nyuma.

Sukirtha akamtolea bilauri ya maji kwa mikono miwili, kwa heshima. Bi Kothai akaonyesha sakafuni kwa kidole. "Weka hapo."

Akaiweka.

"Nasikia umepata alama nzuri."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama kwanza. Umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa mjini. Hospitali ya serikali."

"Na baba yako?"

"Jaffna. Ng'ambo."

"Basi na wewe ni wa ng'ambo. Kifaranga cha kuku hata kikianguliwa kwenye kiota cha bata, hakiogelei." Akaupanga ukingo wa sari yake juu ya goti, mkunjo baada ya mkunjo. "Chuo cha udaktari cha serikali ni cha raia. Kwenye maombi yako, mahali pa uraia umeandika nini?"

"Mwalimu mkuu alisema niandike nilikozaliwa. Alisema wakiuliza niseme, wasipouliza ninyamaze."

"Mwalimu mkuu wako hatalala ndani. Utalala wewe. Na baba yako atahamishiwa ile kambi nyingine, ile ya kufuli na waya. Unaijua?"

Nani kambini asiyeijua? Watu walioingia kule walionekana mara moja kwa mwezi, nyuma ya wavu.

"Mimi sina ugomvi na wewe," Bi Kothai aliendelea, sauti ikiwa laini sasa kama samli. "Vaishnavi wangu ananiambia umemsaidia sana fizikia. Sikatai. Lakini mambo yako hivi: chuo cha hapa kimebakiwa na kiti kimoja cha kugombaniwa. Wewe uko mbele, binti yangu yuko nyuma yako. Ukikipata, yeye amekosa. Na vyuo vya watu binafsi sisi hatuviwezi hata tukiuza nyumba."

"Kila mtu aliandika mtihani wake."

"Una mdomo. Alinionya mwanangu kwamba una mdomo." Akacheka kidogo. "Sikiliza. Siku ya kuchagua vyuo jina lako litaitwa. Usiinuke. Hilo tu. Nami mwezi wa ndoa ukifika, nitakuja hapa na sinia saba, ngoma na mazumari, na mwanangu atakufunga uzi wa manjano shingoni mbele ya miungu na watu. Utatoka kwenye kibanda hiki ukiwa mke wa mtu mwenye kwao. Lakini ukiinuka, na mimi nitainuka. Neno moja tu nitasema mezani kwa wagawa viti: Msiloni. Utakosa kiti, utakosa mume, na baba yako atakosa hata hiki kibanda."

"Kathiravan anajua unayoniambia?"

"Nani unadhani amenileta kwa pikipiki?"

Bi Kothai alisimama. Maji hakuyagusa. Mlangoni aligeuka, akautupia macho mkoba wa Nadarasa uliojaa brashi.

"Nasikia baba yako ndiye aliyepaka rangi mabweni ya chuo kile. Inatosha. Mmoja wenu ameshaingia."

Sukirtha alimkuta Kathiravan bombani, anajifanya kumjazia ndoo bibi mmoja. Sukirtha alisimama karibu naye, karibu kuliko desturi, wala hakujali macho ya watu.

"Ulijua?"

Kathiravan aliyatazama maji. "Mama ni mama, Suki."

"Sikukuuliza mama ni nani. Nimekuuliza ulijua?"

"Nilijua." Sasa akainua macho, na macho yale, jamani! Yalikuwa mekundu, yamelia au yamekesha. "Nimepigana naye wiki nzima. Hataki hata kulisikia jina lako. Hii ndiyo njia peke yake iliyopatikana. Hebu fikiri. Hata ukikipata kiti leo, kesho watakuja kukunyang'anya. Mimi hakuna wa kukunyang'anya."

"Nimesoma miaka kumi na miwili, Kathir."

"Najua."

"Baba ananunua unga nusu ili anunue kitabu."

"Najua. Nami nitamtunza baba yako mpaka afe. Naapa kwa macho yangu." Mkono wake ukausogelea wake kwenye mshikio wa ndoo, akaufunika. "Wewe unapenda nini zaidi? Sema kweli. Kiti au mimi?"

Swali kama hilo halimfai mtu anayekupenda kukuuliza. Lakini Sukirtha alikuwa na miaka kumi na minane, na huo ulikuwa mkono wa kwanza wa kiume kufunika wake.

"Mama yako kweli atasema? Nikiinuka, atasema?"

"Atasema," alijibu Kathiravan upesi. "Unamjua. Atasema."

Siku ya kuchagua vyuo, Sukirtha na baba yake walifika Chennai kwa treni ya usiku. Nadarasa alikuwa amevaa shati jeupe la harusi yake mwenyewe. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia ukumbini bila kitambulisho cha raia, alibaki nje kwenye uzio, amekumbatia mfuko wa chakula.

"Nenda, daktari wangu," alimwambia. "Usiogope. Ongea polepole, lafudhi isikutoke."

Sukirtha alionyesha barua yake ya wito, akaingia. Akapita ukumbi, akapita viti, akaenda moja kwa moja chooni, akajifungia. Kipaza sauti kilikuwa kila mahali, hata kule. Alilisikia jina lake likiitwa kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka. Likaitwa tena. Alikuwa ameuma ukingo wa shali yake, meno yamezama kwenye nguo, mikono imeshika ukuta pande mbili kana kwamba kuna mtu anamvuta atoke. Likaitwa mara ya tatu. Kisha mwanamke yule akasema, "Hayupo. Anayefuata," na jina la Vaishnavi likajaa chooni.

Nje, baba yake alisimama alipomwona.

"Vipi?"

"Wameniuliza uraia, baba. Wamenikataa."

Huo ndio uongo aliomwambia. Nadarasa hakulia. Alimfungulia chakula, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe tonge kwa tonge pale kwenye uzio, kama mtoto wa miaka mitatu, huku akisema, "Kula, mama. Kula. Tutakwenda mbele. Kuna ofisi juu ya ofisi."

Na tangu siku hiyo mzee hakupumzika. Kila Jumatatu, siku ambayo mkuu wa wilaya hupokea malalamiko, aliacha kazi, akavaa shati lake jeupe, akasimama mstarini juani na ombi lililoandikwa na mwalimu mkuu. Makarani walimzoea. "Msiloni wetu kaja," walisema. Kambi nzima iliilaani serikali kwa niaba ya Sukirtha. Wanawake walimpikia pitu ya unga wa mchele na mchuzi wa nazi kumfariji, naye akala bila kuwatazama usoni.

Alivumilia kwa sababu alikuwa na ahadi.

Mwezi wa Aadi ukaja, na katika mwezi huo watu hawaoi. Akangoja. Aadi ikapita. Kathiravan akasema bibi yao mgonjwa, si vizuri kupiga ngoma. Akangoja. Bibi akapona. Kathiravan akasema ofisini wamebanwa na kazi. Simu zake zikawa fupi, kisha zikawa ujumbe, kisha ujumbe ukawa hausomwi. Sukirtha akajifariji jinsi wanavyojifariji wote walioachwa kabla hawajaambiwa: ana shughuli, simu yake mbovu, mama yake yuko karibu.

Aliyeleta habari alikuwa Vaishnavi.

Alikuja kwa skuta mchana, koti jeupe la udaktari limekunjwa mkononi, uso umejaa furaha ya mtu asiyejua kitu. Na kweli hakujua. Nyumbani aliambiwa Sukirtha hakutokea siku ile kwa kuogopa kukamatwa, akalia usiku mzima kwa ajili yake.

"Dada Suki! Ona nilivyokonda. Maiti, jamani, wanatupa maiti tupasue wiki ya kwanza! Nimetapika mpaka nyongo." Akamkumbatia, na harufu ya dawa ya chuo ikamwingia Sukirtha puani. "Nakukumbuka kila siku. Walimu wanafundisha vibaya, wewe ulikuwa unafundisha vizuri. Mama anasema kwa nini usije nyumbani jioni unisaidie ile mifupa? Anasema tutakupa kitu kidogo."

"Mama yako amesema hivyo?"

"Eeh. Siku hizi anakusifu." Akafungua kopo la bati lililojaa madonge matamu ya manjano. "Na hii, chukua. Laddu. Za kaka."

"Za kaka?"

"Kathir anaoa! Jana walikwenda Karur kubadilishana majani ya tambuu. Binti mwalimu, mweupe, anaimba vizuri ajabu. Chukua mbili, dada, usione haya. Mbona mikono yako baridi hivyo?"

Sukirtha alichukua mbili. Aliila moja palepale mbele ya Vaishnavi, akaitafuna mpaka ikaisha, akasema, "Tamu." Alimsindikiza mpaka kwenye skuta. Alimpungia mkono mpaka akakata kona. Kisha akavaa viatu, akaondoka kambini bila kuandika jina kwenye daftari la lango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Ofisi ya umeme ambako Kathiravan alikuwa karani ilitazamana na kibanda cha chai. Alikuwa pale na wenzake watatu, bilauri mkononi, anacheka. Kicheko kilimfia mdomoni.

"Suki. Sio hapa."

"Hapa hapa."

Wenzake wakatazamana. "Huyu ndiye wa Karur?" mmoja alinong'ona. "We, huyu si wa Karur," mwingine akamjibu. "Sikiliza lafudhi." Wakacheka chini kwa chini. Kathiravan alimshika Sukirtha kiwiko akamvuta nyuma ya kibanda, kwenye lundo la makopo ya maziwa.

"Nimekula laddu yako," Sukirtha alisema.

Kathiravan alifumba macho. "Nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Lini? Mtoto wa kwanza akizaliwa?"

"Nilitafuta maneno, sikuyapata."

"Siku ile bombani ulikuwa nayo. Uliapa kwa macho yako. Mbona bado yanaona?"

"Usinilaani, Suki. Si mimi. Nilimwuliza wakili. Hata nikikuoa, wewe hutakuwa raia. Na watoto wetu watakuwa kama wewe. Sheria ndiyo inasema hivyo. Mwanangu azaliwe ndani ya nyumba yangu, halafu apangwe mstari ahesabiwe na polisi? Ungetaka hivyo? Ungempenda mtoto huyo ukamfanyia hivyo?"

"Kama mimi," Sukirtha alirudia. "Watakuwa kama mimi. Hiyo ndiyo balaa?"

"Sikumaanisha..."

"Ulimwuliza wakili lini?"

Kathiravan alisogeza kopo moja kwa mguu.

"Lini, Kathir?"

"Kabla ya mama kuja."

Basi likapita barabarani, likapiga honi ndefu. Sukirtha alingoja limalize.

"Ulijua hunioi, ukaniuliza nachagua kiti au wewe."

"Nilidhani mama atalegea! Nilidhani tukishampa alichotaka..."

"Mlichompa ni changu." Sauti yake ilikuwa ndogo, haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha kijana. "Sawa. Sasa na mimi nitainuka. Jumatatu baba akienda kwa mkuu wa wilaya nitakwenda naye. Nitasema mama yako alivyonitisha. Nitasema kiti kile binti yake alikipataje. Wanifunge, lakini nitasema."

"Hapana! Suki, hapana." Rangi ilimtoka usoni. Alimshika mikono miwili, akamnyenyekea kama mtu anayezama. "Nifanye mimi utakavyo, lakini hilo usifanye. Mjomba atafukuzwa kazi. Ana watoto wanne."

"Mjomba nani?"

"Mtendaji wa kijiji. Ile hati yako ya makazi nani unadhani aliisaini? Nilimlilia siku tatu akaisaini kwa ajili yangu. Ni kaka yake mama, tumbo moja. Ikijulikana kwamba alimsainia Msiloni..."

Alikuwa amejisikia anachosema, lakini kilikuwa kimeshatoka.

Sukirtha alimtazama. Alimtazama yule aliyekuwa akiangusha ufunguo kwa kucheka, yule wa macho mekundu, na akaona uso wa kawaida wa karani wa kawaida mwenye povu la chai kwenye masharubu.

"Kwa hiyo kama mama yako angesimama mezani akasema neno lile," alisema polepole, "kaka yake ndiye angeanza kuulizwa."

Kathiravan akaiachia mikono ya Sukirtha.

"Asingesema."

"Suki..."

"Nijibu hilo moja tu, nitakwenda. Nilikuuliza bombani, ukasema atasema. Angesema?"

Kathiravan aliinamisha kichwa. "Asingesema," alikiri. Kisha, kwa kuwa mtu dhaifu akibanwa hatafuti msamaha bali kisingizio, akainua uso na kuongeza: "Lakini ungekosa tu! Mwaka wa pili, wa tatu, wangegundua, wangekutoa. Kuna msichana wa kambi moja walimtoa. Tulichukua nini basi? Tumechukua kitu ambacho hakikuwa chako!"

Sukirtha aliinua mkono, na Kathiravan akadhani ni kofi, akafumba macho. Lakini alimfuta lile povu la masharubu kwa kidole gumba, taratibu, kama mke.

"Kama serikali ingenitoa," alimwambia, "ningelia, ningekwenda kuwa nesi, ningekuwa karani, ningekuwa chochote. Ningejua nimetolewa. Nyinyi mmenifanya nijitoe mwenyewe. Nimejifungia chooni nikasikiliza naitwa, nikiuma nguo nisiitikie. Kwa ajili ya masharubu haya."

Akakifuta kidole kwenye shati la buluu la Kathiravan.

"Mwambie mama yako nitakuja kumfundisha Vaishnavi ile mifupa. Bure."

"Suki, usitufanyie hivyo. Usiingie nyumbani kwetu."

"Mbona unaogopa? Mke wako wa Karur atanipa maji nami nitayanywa. Nitakaa mkekani kwenu kila jioni, na kila ukirudi kazini utanikuta. Nitamfundisha dada yako mpaka awe daktari. Na kila nikimwita 'daktari', wewe na mama yako mtajua naita nani."

Alimwacha pale kwenye makopo. Wenzake walimpisha njia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alirudi kambini jua likiwa bado juu. Alikuwa hajatoa chozi hata moja, na alijua kwa nini: la kuliliwa lilikuwa nyumbani.

Nadarasa alikuwa amechuchumaa mbele ya kibanda, anapiga pasi shati lake jeupe juu ya blanketi. Pasi ya mkaa aliiazima kwa jirani. Alipomwona binti yake uso ulimkunjuka.

"Umekuja wakati mzuri, mama. Mwalimu mkuu ameandika ombi jipya, kali kuliko yale. Anasema sasa tupeleke mji mkuu kabisa. Kuna wakili wa watu maskini, hataki malipo. Amesema kesi kama yako, mtoto aliyezaliwa hapa, akakataliwa mezani mbele ya watu..."

"Baba."

"...anasema inaweza kuwafungulia mlango watoto wote wa kambi. Atakuuliza tu maneno waliyokuambia siku ile. Neno kwa neno. Nani alikuuliza, alikaa upande gani."

"Baba, weka pasi chini."

Aliiweka. Sukirtha akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika miguu, akasema yote. Hakujitetea. Alisema Kothai alivyosema, Kathiravan alivyosema, choo, kipaza sauti, jina. Aliposema, "Hakuna aliyenikataa, baba, niliitwa," mzee akaisogeza pasi mbali na shati.

Jirani alipita akamsalimu mzee, hakuitikia. Mwishowe aliuliza jambo moja tu.

"Na mimi nilikuwa nje pale, kwenye uzio?"

"Ndiyo, baba."

"Nikakulisha?"

"Ndiyo."

Nadarasa aliitoa miguu yake mikononi mwa binti yake, mguu mmoja kisha mwingine, polepole, kama anayetoka kwenye tope. Alilichukua shati, akalitazama mbele na nyuma, akalikunja ingawa bado lilikuwa na mikunjo. Hakumpiga. Hakumtukana. Ingekuwa afadhali.

"Kila Jumatatu nimesimama juani nikiwatukana wale watu moyoni," alisema. "Nikasema hawana huruma, nikasema wamenivunjia mtoto."

"Nisamehe, baba."

Aliinuka, akashika mlango wa kibanda kujiegemeza, akamtazama binti yake pale chini kama mtu anayejaribu kumkumbuka.

"Heri ingekuwa serikali," alisema. "Serikali sikuizaa mimi."